Blogu yako ya kiufundi imegoma? Dalili, sababu na pa kuanzia kwa fundi mchanga wa Mtwara na Lindi

Jumamosi jioni vijana wanaoanza kazi za kompyuta hapa Mtwara mjini hupita kibarazani kwangu Shangani na laptopu zao. Mmoja katoka VETA juzi, mwingine ni karani wa chama cha msingi anayejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, usiku, mwingine anatengeneza tovuti za nyumba za wageni za Mikindani. Wote nawasisitizia waandike hadharani wanachojifunza, kwa Kiswahili. Na wote hurudi na malalamiko yaleyale. Nimeyapanga hapa kama wanavyoyasema wenyewe.

Kwa kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, nikashuka hadi zile za nadra. Usiruke. Wengi waliokuja kwangu wakisema "mimi kuandika siwezi" nilikuta shida ni tarehe, jina la faili au kichwa cha makala. Hapa wengi wetu tunatumia Hugo, programu inayogeuza faili za maandishi kuwa tovuti, na kuiweka kazi GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, kwa kuwa ni bure. Wenye WordPress nitawagusa njiani.

## "Sina cha kuandika"

Hii ndiyo inayoongoza, na sababu yake kubwa ni kutafuta mada kubwa. Mtu ana miezi mitatu kazini anataka kuandika "Akili bandia ni nini". Ataandika nini ambacho hakijaandikwa?

Cheki kwanza kitu chepesi: fungua historia ya kivinjari chako ya wiki hii. Tazama maneno uliyoyauliza Google. Pale ulipouliza jambo moja mara tatu kwa maneno tofauti, hapo pana makala.

Yule karani nimemtaja, chama chao kiko Tandahimba. Msimu wa korosho ulipoanza alipewa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, lenye majina na namba za simu za wakulima, awatumie ujumbe kuhusu malipo. Akalibofya mara mbili, likafunguka kwenye Excel, na namba zote zikawa zimepoteza sifuri ya mwanzo. Iliyokuwa 07 ikawa 7. Ujumbe haukwenda hata mmoja. Alihangaika mpaka usiku, akagundua kwamba Excel huichukulia namba ya simu kama hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Akairudisha kwa fomula `="0"&A2`, akaivuta hadi chini.

Aliponisimulia alisema, "Lakini mzee, hilo si dogo tu? Nani atasoma?" Nikamwambia aandike usiku uleule: kilichotokea, alichojaribu kikashindikana, kilichofanya kazi. Zikatoka aya saba. Kabla ya mnada uliofuata karani mwenzake wa Newala alishampigia simu kumshukuru.

Sababu ya pili ni kutoweka kumbukumbu. Kosa unalolitatua leo, baada ya wiki mbili hukumbuki hata lilianzaje. Tengeneza faili moja tu, liite `shajara.txt`. Kosa likitokea, nakili ujumbe wake neno kwa neno, weka tarehe na toleo la programu unayotumia, kisha endelea na kazi. Nusu ya makala inakuwa imeshaandikika.

Sababu ya tatu iko moyoni: unadhani lazima uwe bingwa kwanza. Bingwa alishasahau alipojikwaa. Wewe kidole bado kinauma, na ndiyo maana maelezo yako yatamfaa anayekuja nyuma yako.

Simama hapa: kama hatua unazotaka kuwapa watu hujazifanya kwa mikono yako, umezitoa tu kwa wengine au kwenye programu ya akili bandia, usichapishe. Zijaribu kwanza. Mtu wa Liwale ataziandika kwenye kompyuta ya ofisi yake akikuamini.

## "Nimeanza makala nyingi, hakuna iliyoisha"

Mara nyingi makala moja imebebeshwa nne. Jaribu kumalizia sentensi hii: "Akimaliza kusoma, ataweza ku..." Ukihitaji "na" mbili, igawe.

Wengine wanakwama kwenye lugha: aya Kiswahili, aya Kiingereza, mwisho hasira. Maelezo yaandike kwa Kiswahili unachokizungumza, lakini ujumbe wa kosa na amri ziache kama zilivyo, usizitafsiri hata kidogo. Msomaji ataunakili ujumbe ule ule kutoka kwenye skrini yake na kuutafuta.

Wachache ni umeme. Umekatika, rasimu iliyokuwa ndani ya kivinjari imepotea. Andika kwenye faili la kawaida la maandishi ndani ya laptopu na uhifadhi kwa `git commit`, amri ya git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili zako, kila baada ya aya mbili tatu. Hiyo haihitaji bando. Bando linahitajika siku ya kutuma tu.

## "Nimechapisha, lakini haionekani"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vijana wengi wanapokata tamaa bure.

Kwanza hakikisha si mtandao. Fungua tovuti nyingine yoyote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti iliyumba nchi nzima, na siku kama hiyo ukianza kufumua faili zako utaharibu kisichokuwa na kosa. Kama tovuti nyingine zinafunguka, fungua blogu yako kwenye simu nyingine. Ikionekana kule, kivinjari chako kimeshikilia nakala ya zamani, futa kashe.

Sasa sababu zenyewe.

Inayoongoza ni `draft: true`. Ukianzisha makala kwa `hugo new`, Hugo kwa kawaida huiwekea mstari huo juu, maana yake bado ni rasimu. Nyumbani unaitazama kwa `hugo server -D`, na ile D humwamuru aonyeshe hata rasimu, kwa hiyo wewe unaiona na dunia haiioni. Badilisha iwe `false`, tuma tena. Amri ya `hugo list drafts` itakutajia zote zilizosahaulika.

Ya pili ni tarehe, na hii imemtesa dada mmoja wa Mikindani siku nzima. Aliandika kwa simu, moja kwa moja kwenye ukurasa wa GitHub. Alinakili makala yake ya zamani, akabadilisha maneno, na kwenye tarehe akaandika ya siku ile na 08:00:00, kwa kuwa ilikuwa saa mbili asubuhi. Akatuma. GitHub ikaonyesha alama ya kijani, ujenzi umepita bila kosa. Makala hakuna.

Kilichotokea ni hiki. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, ile UTC. Tarehe isiyo na `+03:00` mwishoni Hugo huisoma kama saa ya UTC, isipokuwa umeiweka saa yako kwenye mipangilio. Kwa hiyo 08:00 yake ilisomeka kama saa tano asubuhi ya kwetu, muda ambao haujafika, na Hugo haichapishi makala ya wakati ujao. Wala si kosa, ndiyo maana alama ilikuwa ya kijani. Saa tano ikafika, bado kimya, kwa sababu Hugo haikai ikichungulia saa. Hujenga tovuti pale unapotuma badiliko. Saa tisa alasiri akarekebisha koma moja, akatuma, makala ikatokea. Akaondoka akiamini koma ndiyo ilikuwa mbaya. Wiki iliyofuata ilipogoma tena, alikuwa anatafuta koma.

Tiba ni kuandika tarehe nzima, namna hii: `2025-03-04T08:00:00+03:00`. Amri ya `hugo list future` hukuonyesha zinazosubiri.

Sababu ya tatu ni nukta mbili kwenye kichwa cha makala. Ukiandika `title: Excel: sifuri imepotea`, mfumo unachanganyikiwa kwa kuona nukta mbili mara mbili, na safari hii alama inakuwa nyekundu. Kifunge kichwa chote kwa alama za kunukuu. Kila ukiona nyekundu, ingia sehemu ya Actions kwenye repo yako, yaani hifadhi ya faili zako kule GitHub, ufungue ujenzi ulioshindwa na usome mistari ya kosa. Humo mara nyingi utakuta jina la faili na namba ya mstari.

Ya nadra ni domeini, yaani anwani yako mwenyewe ya tovuti. Ukiwa umenunua ya `.co.tz` au nyingine na kubadilisha rekodi zake leo, mpe siku nzima kabla ya kugusa tena. Na hakikisha imesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako. Kuna kijana namfahamu aliyemlipa fundi amsajilie, fundi akaweka taarifa zake mwenyewe, na mwaka ulipoisha ikawa kazi kuipata.

## "Kwangu iko sawa, kwa wenzangu imeharibika"

Picha hazionekani? Angalia herufi kubwa na ndogo kwenye jina la faili. Baadhi ya simu huipa picha jina kama `IMG_2045.JPG`, wewe kwenye makala ukaandika `img_2045.jpg`. Windows haitofautishi, seva inatofautisha. Majina yote yawe ya herufi ndogo, bila nafasi, maneno yaunganishwe kwa kistari: `mnada-lindi.jpg`. Tahadhari moja: ukibadilisha ukubwa wa herufi pekee kwenye Windows, git inaweza isione kuwa umebadilisha chochote. Mpe faili jina jipya kabisa.

Kama jina liko sawa, angalia njia. Ikianza na `C:\Users` picha iko kwenye laptopu yako tu. Na picha iliyo ndani ya folda ya `static` haitajwi kwa neno `static`; neno hilo huondoka tovuti inapojengwa.

Maandishi yapo ila rangi na mpangilio vimetoweka? Hiyo karibu kila mara ni `baseURL`, anwani ya blogu iliyoandikwa kwenye mipangilio ya Hugo. Blogu ikikaa chini ya anwani yenye jina la repo mwishoni, jina hilo lazima liwemo.

## "Wanasema inachelewa kufunguka"

Picha. Picha ya simu isiyopunguzwa huwa na megabaiti tatu, nne na zaidi. Weka sita za megabaiti nne, ukurasa umefika 24. Mwenye bando la gigabaiti moja ataufungua mara arobaini na kidogo, bando kwisha. Punguza upana hadi pikseli 1200 hivi. Picha itashuka hadi kilobaiti mia mbili au pungufu na bado itasomeka.

Nasema hili kwa uchungu kidogo: msimbo na amri usiziweke kama picha ya skrini. Msomaji hawezi kuzinakili, asiyeona vizuri na anatumia programu ya kumsomea hazimfikii, na zinakula bando bila sababu. Ziandike kama maandishi.

## "Wanafuata hatua zangu, zinagoma"

Cheki alama za kunukuu. Ukipitisha amri kwenye Word, alama zilizonyooka zinageuzwa kuwa zilizopinda, na vistari viwili vinaunganishwa kuwa kimoja kirefu. Kwa macho huoni tofauti, kompyuta inaiona. Hugo nayo hufanya hivyo kwenye maandishi ya kawaida. Kwa hiyo kila amri iwe ndani ya uzio wa alama tatu za ``` juu na chini. Ndani ya uzio haiguswi.

Kisha matoleo. Taja juu kabisa: mfumo gani, toleo gani la Python au Excel, ulijaribu mwezi gani. Miaka miwili mbele msomaji atajua kama maelezo yako bado yanamhusu.

Kisha hatua iliyorukwa, ile unayoifanya bila kufikiri: kuingia kwenye folda, kuwasha mazingira ya Python, kuhifadhi faili. Dawa yake ni kumwita mtu. Mkalishe mdogo wako au jirani mbele ya kompyuta, afuate makala, wewe funga mdomo. Pale atakapogeuza shingo kukutazama, andika sentensi inayokosekana.

Simama hapa: kama makala ina amri ya kufuta mafaili, kupanga upya diski, au kugusa kanzidata inayotumika kazini, usiitoe kabla mtu mwenye uzoefu hajaipitia mstari kwa mstari. Na mambo ya kufungua kifaa kilichounganishwa na umeme waachie mafundi wa umeme.

## "Hakuna anayesoma"

Andika kwenye Google `site:` ikifuatiwa na anwani yako bila nafasi. Kama hakuna kitu, bado hujaingizwa. Blogu mpya huchukua siku au wiki, hivyo usihangaike mapema. Wenye WordPress wafungue mipangilio ya usomaji, waone kama kile kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji kimewekewa tiki. Hukiweka wakati wa kujenga na kukisahau. Halafu jisajili Search Console ya Google, ni bure, uipe anwani ya `sitemap.xml`, faili lenye orodha ya kurasa zako. Hugo huitengeneza yenyewe.

Kama umo ila huonekani, tazama vichwa vya makala zako. "Safari yangu na Excel, sehemu ya kwanza" hakuna anayekitafuta. "Excel inaondoa sifuri ya mwanzo kwenye namba za simu" ndicho anachoandika mtu aliyekwama. Kama kosa lina ujumbe, uweke ujumbe wenyewe kwenye kichwa.

Lakini ushauri wangu kwa miezi ya mwanzo ni kuacha kuhesabu wasomaji. Ukimaliza makala, tafuta mtu mmoja mwenye tatizo lile, mtumie kiungo WhatsApp, muulize alikwama wapi. Mmoja wa Ruangwa aliyefanikiwa atawatumia wenzake.

## "Nadhani nimetoa siri"

Hapa hakuna cheki nyepesi. Acha mengine yote, fuata mpangilio huu.

Kama umechapisha neno la siri au ufunguo wa API, ule unaoiruhusu programu yako kutumia huduma ya wengine, mfano wa huduma ya kutuma ujumbe mfupi, kazi ya kwanza ni kuuzima kwenye huduma yenyewe na kutoa mpya. Usianze kwa kuufuta kwenye faili. Git hutunza historia; mstari ulioufuta leo bado unasomeka kwenye mabadiliko ya jana, na kuna programu zinazopekua repo za wazi usiku na mchana zikitafuta funguo kama hizo. Ukishauzima, tazama kama umetumika bila wewe kujua. Kisha mwambie msimamizi wako siku hiyohiyo, hata kama unaogopa. Kusafisha historia ya git kunakuja mwisho, na kama hujawahi kukufanya, mwite aliyewahi.

Siri nyingine ni za watu. Karani wetu alitaka kuweka picha ya skrini ya lile jedwali: majina ya wakulima, simu, kilo walizopima, vyote viko wazi. Nilimzuia akiwa ameshaipakia kwenye laptopu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, mzee aliyepeleka korosho ghalani hakukubali kilo zake zisomwe na dunia. Tengeneza data ya mfano, majina ya kubuni na namba zisizo za mtu. Usitegemee kufifisha au kuchora juu ya picha.

Simama hapa: kama taarifa za wateja au wakulima zimeshatoka, au mwajiri amekuandikia barua, usijibu mtandaoni. Ondoa makala, tafuta mwanasheria. Vilevile ukiona blogu yako inahama kutoka ufundi kwenda kuchapisha habari na matukio, kawaulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kuendelea. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilifuatwa na za 2020, zikarekebishwa 2022, kwa hiyo usitegemee ulichosikia kijiweni.

Na kwa jumla, kabla ya kuandika chochote kilichotokea kazini, omba ruhusa. Swali la dakika mbili asubuhi kwa mkubwa wako.

## "Kuna mtu kanirekebisha mbele za watu"

Jaribu alichosema kabla ya kujibu. Kama kakosea, mweleze kwa upole na umwonyeshe ulichokipata. Kama yuko sahihi, rekebisha makala, weka tarehe ya marekebisho juu kabisa, sema nini kimebadilika, mshukuru. Usifute makala.

Yule karani yalimfika. Mtu wa Nachingwea alimwandikia kwamba ile fomula ya kuongeza sifuri imemharibia orodha, kwani baadhi ya namba zake zilianza na 255 na zote zikageuka 0255. Alikasirika, akaja kwangu amenuna. Tukakaa tukajaribu, na kweli. Tukaona pia kwamba lile CSV ukilihifadhi na kulibofya tena, sifuri zinapotea upya. Njia bora ikawa kutolibofya kabisa: fungua Excel tupu, ingia Data, chagua kuleta kutoka Text/CSV, kisha safu ya simu ipe aina ya maandishi badala ya namba. Sifuri hazitoki, na 255 zinabaki 255.

Sasa makala yake ina mistari miwili ya marekebisho juu, yenye tarehe, na wa Nachingwea ndiye anayempitishia kila makala mpya kabla haijatoka.